Hamadi Peke Yake

Watu wa Kindu wakikuambia kwamba Hamadi alifungwa kwa sababu ya siasa, waache waongee. Wanapenda mambo makubwa. Hamadi alifungwa kwa sababu ya kanga, yule ndege mwenye madoadoa anayekula mpunga. Mimi Zuberi, fundi wa nguo wa mtaa wa Kasuku, naijua habari yote kwa kuwa nilikuwa ndani yake, tena vibaya.

Kwanza ujue alikuwa nani. Zamani, kabla nchi haijaitwa Zaire, tulikuwa na orkestra yetu, Les Caïmans. Tulikuwa watu watano. Mimi nilipiga batri, zile ngoma za kizungu zenye visahani vya shaba, na Hamadi alisimama mbele kuimba. Wengine mjini walipiga rumba. Sisi tulipiga roki na jerki, na gita zetu za umeme zilisikika mpaka ng'ambo ya mto, Alunguli. Hamadi alivaa suruali zilizobana juu na kupanuka chini, nikimshonea mwenyewe, na watu wakamwita Johnny. Alipopiga magoti jukwaani wasichana walipiga mayowe, na sisi wa nyuma tulitokwa jasho bila mtu kututazama. Wakati ule sikulalamika. Mpiga batri anakaa nyuma, njo kazi yenyewe.

Nikuambie jambo lingine: Hamadi hakujua maana ya neno hata moja alilokuwa akiimba. Alisikiliza santuri za Kiingereza, akakamata mlio tu, akaenda kuutoa jukwaani hivyo hivyo. Siku moja Mzungu wa misheni aliyekijua Kiingereza alikuja kusikiliza, na tulipomaliza akamwuliza kwa adabu alikuwa akiimba kwa lugha gani. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Hamadi naye alicheka, lakini niliona hakufurahi.

Vyombo havikuwa vyetu. Vilikuwa vya Mgiriki mmoja mwenye duka na baa. Mwishoni mwa mwaka 1973 maduka ya wageni yakatwaliwa na kugawiwa wananchi, na yule aliyepewa la Mgiriki hakuwa na haja na muziki. Gita na ampli zikapakiwa kwenye lori pamoja na sabuni na chumvi, zikaenda kuuzwa Kampene kwa wachimba madini. Batri yangu iliondoka siku ya pili. Wiki moja, orkestra kwisha. Hatukugombana, wala hatukuagana.

Nikarudi kwenye cherehani. Ulikuwa wakati mzuri kwa mafundi, maana suti na tai zilikuwa zimekatazwa, na kila mwanaume mwenye kazi alitaka abakosi, lile koti lisilovaliwa na tai. Hamadi akapata kazi bandarini, kupima magunia kwenye mizani. Jina la Johnny lilikuwa limekufa na sheria ya majina, ile iliyokataza majina ya kizungu. Hata wale wasichana wa zamani, ambao sasa ni mama wa watoto wanne watano, walimwita Hamadi wa Kilo.

Lakini sauti yake haikuachwa ipumzike. Kila mahali pa kazi palikuwa na kikundi cha animasyo, watu wa kuimba na kucheza kukisifu chama, na mkuu wa kile cha bandarini alipogundua kwamba mpima magunia ndiye Johnny wa Les Caïmans, akamweka mbele ya kikundi. Miaka sita Hamadi aliimba maneno yaliyofika kwenye karatasi kutoka Kinshasa, kwa Kilingala, asubuhi kabla ya kazi na kila mgeni mkubwa aliposhuka uwanja wa ndege. Aliimba vizuri, maana hakujua kuimba vibaya. Jioni alikuwa akipita kwangu, anakaa juu ya mabunda ya vitambaa, anakaa tu.

Siku moja mwaka 1980 akafungua kinywa.

"Zuberi, niko na miaka makumi ine sasa. Kwanza niliimba maneno ya Waingereza, leo ninaimba maneno ya Kinshasa. Nikikufa kesho, hakuna fasi sauti yangu inasema kitu yangu mwenyewe."

Hicho ndicho alichotaka, na hakutaka kingine: kaseti moja, upande wa kwanza na wa pili, yenye sauti yake na maneno yake, ibaki hata kama yeye hayupo. Kutajirika hakukutaja.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na cherehani yangu, palikuwa na duka la Kakule, Mnande kutoka Butembo. Kabla ya sheria ya majina aliitwa pia Barnabé, na mkewe Kavugho bado alimwita hivyo ndani ya nyumba. Kakule alikuwa na radio-kaseti kubwa, yenye kipaza sauti, na alimpenda Hamadi tangu siku za Les Caïmans. Akampa kaseti mpya ya dakika sitini na ruhusa ya kubeba chombo kila Jumapili.

Basi mtu huyu akaanza kuzunguka nacho. Akaenda nacho mpaka Lokandu, akaimba pamoja na wavuvi wakigonga makafi kwenye ubavu wa mtumbwi. Akavuka Alunguli kwa shangazi yake Sharifa, aliyekuwa kiongozi wa wanawake wa dufu, akawarekodi wakimwitikia kama harusini. Kavugho alimwimbia wimbo wa kanisa kwa Kinande, naye akamjibu kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Palikuwa na roki moja ya kweli kweli, kwa gita la mbao, na badala ya batri jirani yake alitwanga mchi ndani ya kinu. Halafu kulikuwa na wimbo wa mizani. Humo Hamadi alihesabu kilo tu, sitini na mbili, sitini na tatu, halafu katikati anamtaja mwenye gunia na alikotoka na anakokwenda. Usicheke. Ukiusikiliza mara tatu unaanza kuwaonea huruma watu wale.

Mimi niliposikia nilimwambia ametia sombe ya majani ya muhogo, chai na samaki ndani ya chungu kimoja. Akajibu kwamba yeye mwenyewe yuko hivyo: mama yake Mkusu wa Kibombo, baba yake Mwislamu wa Kindu, shule kwa mapadri, ujana kwa Mgiriki. Achague kipi atupe?

Sasa nifike penye donda. Nyimbo zilikuwa tisa, na hakuniita hata kwa mmoja. Mtumbwi uligongwa, kinu kilitwangwa, gunia tupu lilipigwa kwa fimbo, na mimi niliyekaa nyuma yake miaka mitano sikuitwa. Nilimwuliza huku nikitia uzi kwenye sindano, ili nisimtazame usoni.

"Na miye?"

"Weye uko fundi wa nguo sasa," akasema. "Hii nataka kuifanya peke yangu."

Peke yake, na watu thelathini. Na kwenye karatasi ya kaseti akaandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: HAMADI PEKE YAKE. Nilichukia, nakuambia kweli. Nikatabasamu, nikamwuliza hali ya watoto.

Wimbo uliomfunga ulikuwa wa mwisho upande wa kwanza, na ulikuwa wetu sote wawili. Tulipokuwa wadogo, kila msimu wa mpunga tulipelekwa Kibombo kwa wajomba zake, na kazi yetu ilikuwa kufukuza kanga shambani. Kanga mkubwa anatangulia, wadogo wanafuata. Ukimtoa yule mkubwa umemaliza kazi. Tuliimba hivi tukikimbia:

*Kanga mukubwa, kanga mukubwa,*
*mupunga ya mama umekula yote,*
*kanga mukubwa, leo utatoka.*

Hamadi aliuimba polepole, na wanawake wa dufu wakaitikia. Hakukuwa na fumbo ndani. Mtu amefika miaka arobaini, amekumbuka shamba la mama yake, basi.

Kaseti ilipokwisha, Kakule akaanza kuipiga dukani, asubuhi mpaka jioni, kwa wiki tatu nzima. Watu walisimama, wengine wakauliza huu ni muziki gani, wengine wakaondoka wakitikisa kichwa. Lakini wimbo wa kanga uliwakaa. Wamama walioteka maji waliuimba, walioleta vitambaa kwangu waliuimba. Hamadi alipokuwa akipita kwenda kazini alitembea amenyooka kama zamani, na mimi nilisukuma cherehani kwa nguvu ili nisimsikie anasalimiwa.

Siku ya soko askari mmoja akasimama kwa Kakule kununua sigara. Alikuwa mgeni mjini, Kiswahili hakukijua. Askari wanaongea Kilingala, na kwa Kilingala kanga si ndege. Kanga ni funga, kanga ni kamata. Neno mukubwa alilijua, kila mtu aliyekaa Kindu siku mbili analijua. Kwa hiyo alichosikia, mchana kweupe, mbele ya duka, ni wanawake wengi wakiimba kwa furaha: kamata mkubwa, kamata mkubwa. Akaacha sigara mezani, akaitoa kaseti kwenye chombo. Kule ofisi ya usalama wakatafuta mtu wa kuwatafsiria mistari iliyobaki, ya kula yote na ya kutoka leo, na tafsiri ikaharibu zaidi. Saa tisa Hamadi alichukuliwa kwenye mizani yake, gunia likiwa bado juu.

Mkuu wa ofisi ile hakuwa mtu mbaya sana. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia mboga. Alisema kama kuna mtu wa kuaminika, asiye ndugu, anayeujua wimbo tangu zamani, aje aeleze kanga ni nini, na kama maelezo yatamtosha atarudisha kaseti na mwenye kaseti. Hamadi akataja jina langu. Nina hakika hakufikiri hata kidogo. Angemtaja nani mwingine?

Nikaitwa. Abakosi aliyovaa mkuu niliishona mimi, na kifungo cha pili kilikuwa kimelegea. Nilikitazama kifungo hicho muda wote. Pembeni alikaa karani na mashine ya kuandikia.

"Fundi," mkuu akasema, "kanga njo nini?"

"Sijui, shefu."

"Hujui? Anasema mulikomaa pamoja."

"Miye sikupiga ndani ya kaseti ile, shefu. Nyimbo zile njo zake peke yake."

Karani akaandika, nikatia sahihi, nikarudi kushona. Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu: ndege. Nililiacha kooni. Utasema niliogopa, na ni kweli kila mtu aliogopa siku zile, woga haukuwa aibu. Lakini nisikudanganye. Nilipokuwa nikisema maneno yale sikusikia woga. Nilisikia utamu kidogo. Ulidumu mpaka nilipofika kwenye kona ya barabara, na baada ya hapo sikula vizuri.

Siku ya nane Aziza, mke wa Hamadi, akaja dukani kwangu. Kwapani alikuwa amebana kanga mzima, miguu imefungwa kamba, amemnunua kwa mama mmoja aliyeshuka na treni ya Kibombo.

"Shemeji, twende wote," akasema. "Nitawaonyesha. Weye utasema, miye nitashika."

Nikamwambia nina abakosi ya mtu ya kumaliza leo. Akanitazama, akamtazama yule ndege, akaenda peke yake.

Yaliyotokea huko karani mwenyewe alinisimulia, alipoleta suruali kupunguzwa. Aziza aliingia bila kugonga, akamweka ndege juu ya meza, juu ya makaratasi ya serikali, akasema: "Shefu, hii njo kanga. Iko mukubwa. Kama munataka kuifunga, kamba njo hii." Karani alijua lugha zote mbili, na mpaka siku ile aliogopa kusema neno; sasa akashindwa kujizuia, akacheka. Mkuu akauliza anacheka nini, akaelezwa, na wakati huo kanga akachafua faili. Ikawa vigumu kuendelea na ukali. Hamadi akaachiwa jioni ile ile. Kanga akabaki kwa uchunguzi, na sitaki kusema alichunguzwaje, lakini palinukia vitunguu. Kaseti nayo ikabaki.

Baada ya wiki tatu wakamwita aje kuchukua mali yake. Karatasi ilikuwa ile ile, kalamu nyekundu ile ile. Akaja nayo moja kwa moja kwa Kakule, na mimi nikavuka barabara pamoja na wengine, maana kutokwenda kungeonekana. Kakule akabonyeza. Ikatoka animasyo. Makofi, filimbi, sifa za chama kwa Kilingala, na mbele ya kikundi chote sauti ya Hamadi mwenyewe, iliyochukuliwa kiwanjani kwenye sikukuu iliyokuwa imepita. Kakule akageuza upande wa pili. Animasyo.

Sidhani walifanya kwa ubaya. Kaseti zilikuwa adimu, walihitaji moja, wakaiona hiyo mezani. Nakala haikuwepo, kwa sababu chombo cha Kakule kilikuwa na mlango mmoja tu wa kaseti. Hamadi alisikiliza mpaka mwisho wa upande, amesimama, mikono nyuma. Akamshukuru Kakule kwa kaseti, akarudi kupima magunia.

Watu walimwambia aanze upya, lakini kusema ni rahisi. Shangazi Sharifa alikufa kabla ya mvua kwisha. Kavugho alirudi Butembo kuuguza mama yake. Wavuvi wa Lokandu ukiwatafuta leo unakuta wengine. Hamadi hakuja tena kukaa juu ya mabunda yangu. Tulipokutana njiani alinisalimia vizuri, nami nilijibu vizuri, kila mtu akaenda zake. Ikapita karibu mwaka.

Ijumaa moja baada ya sala nikashindwa. Nikamfuata nyumbani, nikamkuta ameketi uani anakaza kamba za kitanda. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yakatoka machache.

"Waliponiuliza kanga njo nini, nilisema sijui."

"Najua," akasema. "Walinisomea karatasi yako."

"Lini?"

"Siku ile ile."

Ndani ya nyumba Aziza aliacha kugonga sufuria. Nilingoja anitukane, nilikuwa tayari, nilitaka. Hamadi alivuta kamba moja, akafunga fundo.

"Ile imepita," akasema. "Kitu inaniumiza njo hii: nimezisahau. Sikuziandika, niliziimba tu mara moja moja kwa kaseti. Ya Lokandu iko na mwanzo, mwisho sipati. Ya mizani nimebaki na nusu. Nyingine mbili sijui hata zilianza namna gani. Ilikuwa vitu vyangu, Zuberi, na mimi mwenyewe sina."

Hapo nikaona haya kuliko siku ya ofisi, kwa sababu mimi nilikuwa nazo. Zote tisa. Wiki tatu zile Kakule alipoipiga, nilikaa kwenye cherehani, sikio ng'ambo ya barabara, nikitafuta kosa. Nilitaka nipate hata moja, nimwambie mtu. Nilijua mahali mchi unapochelewa. Nilijua anapovuta pumzi kabla ya ubeti wa pili. Nilijua majina ya wenye magunia kwa mfuatano wao, na kilo za kila mmoja. Kindu nzima hakuna mtu aliyeisikiliza kaseti ile kwa makini kama mimi niliyeichukia.

Nikavuta kiti, nikaanza na ule wa Lokandu, nikigonga ubao wa kitanda kwa kiganja mahali pa makafi. Sauti yangu ni mbaya, ni ya mtu wa nyuma. Nikaimba hivyo hivyo. Nikaenda wa dufu, nikaenda wa Kavugho, hata maneno ya Kinande nisiyoyajua maana yake, nikaenda roki, nikaenda mizani mpaka gunia la mwisho. Wa kanga niliuacha mwisho, kwa kuogopa, na nao nikauimba. Hamadi hakuimba pamoja nami. Aliinamisha kichwa, kamba mkononi, akisikiliza. Aziza alikuwa amekuja kusimama mlangoni, sikujua tangu lini.

Nilimaliza. Kisha Hamadi akauliza, bila kuinua kichwa, kama mtu anayeuliza habari ya mgonjwa:

"Zuberi, ilikuwa muzuri?"

Nikamwambia ilikuwa muzuri. Yote. Nikamwambia nilijua tangu siku ya kwanza.